Chuma ya Kulehemu Haitalala Tena mu Makala Yako

Mama Emérence,

Nimeenda mujini, ku duka la Mugiriki, kuchagua chuma ya kulehemu ya umeme. Ukirudi kutoka soko, ongeza maji mu maharagi mapya. Yale ya asubuhi nitakula mimi. Usiguse radio ku meza, matumbo yake iko nje.

Ulinifokea: "Papa Emérence, chagua leo: radio ao chakula!" Ulikuwa na haki. Nilitia chuma yangu mu makala chini ya sufuria yako, na moshi wa ulimbo wa kulehemia ukaingia mu maharagi. Lakini kuniita mupishi wa misumari mbele ya dada yako Noëlla, ile iliniuma. Alicheka mpaka akamwaga chai.

Chuma ya makala ni mbaya kweli. Ikitoka mu moto inaunguza waya, na kidogo tu imekwisha kupoa. Na kesho ni ubatizo wa mujukuu wetu. Bila radio, wageni watacheza na nini?

~~Nitanunua ile kubwa.~~ Hapana. Kubwa ni ya ndoo na mabati. Nitachukua ndogo, yenye ncha nyembamba. Itakula umeme ku tundu la taa, balbu ikitolewa, basi nitalehemu muchana, musikae mu giza.

Radio ikiimba leo, utacheza na mimi wimbo wa kwanza, hapa hapa mu jikoni. Isipoimba, kesho nitaimba mimi mwenyewe, na wageni watarudi kwao mapema.

Bwana yako,
Papa Emérence