Kibuyu cha Wanzuki

Tabu, uko wapi? Shika simu. Bibi Mbuke kanisimulia jambo sasa hivi.

Mwaka themanini na nne, kule Nyarugusu kwenye machimbo ya dhahabu, bibi alikuwa anapika wanzuki, ile pombe ya asali, ya kuuza. Unamjua kwa usafi: kibuyu cha kuchanganyia asali alikisugua kwa majivu, akakisuuza kwa maji ya moto. Asubuhi moja akakuta chini kuna vitone vinang'aa kama kioo. Akivigusa, vinakimbia. Vinakimbia, Tabu!

Akajua ni Chausiku, jirani aliyekuwa anauza pombe kama yeye. Nani mwingine angemroga? Akamvaa mlangoni.

"Umeniwekea nini kwenye kibuyu?"

Chausiku akacheka. "Mama Bujiku, nina vibuyu vyangu, chako nikifuate nini? Muulize mumeo anasafishia wapi dhahabu yake."

Mumewe! Babu Ngassa, yule mpole! Bibi akamkazia macho mpaka akasema. Alikuwa anachanganya mchanga wa dhahabu na zebaki humo humo, kwenye kibuyu cha pombe, ili wenzake wasimwone.

"Lakini nilikiosha."

"Ulikiosha na nini?"

"Na maji."

Na maji, Tabu! Sumu ile!

Bibi akamwaga pombe yote. Nikamuuliza, na kibuyu je, alikichoma? Akaniangalia kama mimi ndiye mjinga.

"Kibuyu kizuri vile? Nilikisugua kwa majivu, kikatakata. Si ndicho nilichowawekea togwa jana, wewe na Tabu, mkaomba niwaongeze?"