Injini ya Dani ndani ya Gari la Hamisi

Kaka Dani,

Sikuulizi hali. Nakuandikia kwa sababu Mama amelala mchana huu, na kwa sababu nina hasira na wewe ambayo siwezi kuimwaga mbele ya mtu mwingine.

Duka lako la spea pale Mabwerebwere nalikalia mimi sasa. Wateja wako wananipa pole, wanatikisa kichwa, halafu wanaulizia plagi za pikipiki. Mama ameacha kwaya. Anasema pumzi hazimtoshi.

Nakumbuka zile Ijumaa jioni, wenzako wakiingia mjini kutoka Mikumi, magari yamejaa vumbi la njia ya kijiji cha Ulaya mpaka rangi hazionekani. Mwalimu wa sekondari, daktari wa mifugo, yule mwenye baa: watu wazima wenye vitambi, wanafurahi kama watoto waliofunga shule. Kesho yake mnaelekea kule kwenye kiwanja cha zamani cha ndege, ndani ya shamba la mkonge lililoachwa, mnapanga matairi mabovu kuonyesha kona, mnakimbiza magari mmoja mmoja huku wengine wanapima muda kwa simu. Hakuna kombe. Ni kubishana tu mpaka nyama iive. Ulikuwa ukirudi macho mekundu, unamwambia Mama, "Shikamoo, mrembo," naye anajibu, "Marahaba, mwehu wangu," na maji yako ya kuoga yameshachemka. Alikuwa akilisikia gari lako tangu darajani. Mimi nilisikia magari tu. Yeye alikusikia wewe.

Halafu ile kona ya mwisho. Wapo waliosema ni tairi, wapo waliosema ni utelezi. Mimi nasema ulikanyaga mafuta mahali ambapo kila mtu hukanyaga breki. Ulipinduka mpaka mtaroni. Hamisi, rafiki yako wa tangu shule ya msingi, ndiye aliyekuja nyumbani, viatu vyako mkononi. "Hakuteseka, Mama," alisema. "Alikwenda palepale." Mama akaling'ang'ania hilo neno. Kwa kila aliyekuja msibani alilirudia: palepale, palepale.

Baada ya maziko Hamisi akaja kuliomba gari lako lililopondeka. Mama hakumwangalia hata usoni. "Lichukue. Nisilione tena."

Hakuliona. Alilisikia.

Mwezi uliopita walifanya siku ya kukukumbuka, hukohuko mkongeni. Walitufuata nyumbani, wakatugawia fulana zenye picha yako umecheka. Mama akaivaa juu ya gauni lake la kanisani. Wakamkalisha kwenye hema, kiti cha mbele, soda mkononi, kama mgeni rasmi. Tulisali. Daktari wa mifugo akalia. Kisha wakaanza kukimbiza magari.

Lilikuja gari la tatu au la nne, la kijivu, la Hamisi. Mama akasimama. Soda ikamwagika kwenye fulana, juu ya uso wako.

"Huyo Dani," alisema. "Dani huyo anakuja."

Nikamwambia hapana, Mama, ni Hamisi. Akanisukuma. Alitoka hemani, akaenda mpaka kwenye kamba ya watazamaji, anapunga mkono. Na watu, kaka, watu wakampigia makofi. Walidhani anashangilia. Ndipo yule mwenye kipaza sauti akatangaza kwa furaha kwamba injini ya Dani bado inaishi, ipo ndani ya gari la Hamisi. Mama alishusha mkono taratibu. Nilimrudisha kwenye kiti, akakaa, akaanza kuifuta picha yako kwa upindo wa khanga.

Nilimfuata Hamisi nikiwa nimepanga matusi. Hakujitetea. Alinifungulia mlango tu. "Panda, dada. Zunguka mara moja, uone alichokuwa anakipenda. Ukishuka unitukane."

Nikapanda, kaka. Nilitaka nikichukie vizuri, nikiwa nakijua. Tulipoingia kona ya kwanza tumbo lilibaki nyuma, ya pili nikapiga kelele, na kwenye ile ya mwisho, ileile, nilicheka. Nilicheka kwa nguvu, mpaka machozi. Pale ulipofia. Niliposhuka bado nacheka, siwezi kujizuia, na Mama amesimama mbele yangu na chupa ya maji aliyoniletea. Alinitazama. Akaiweka chupa chini, akaondoka.

Hamisi ndiye aliyelia. Hapo ndipo aliponiambia. Hukufa palepale. Ulibanwa na chuma, wanahangaika na jeki na mapanga, na wewe unaongea. Nikamuuliza ulikuwa unasema nini. Alikataa, nikamkaba fulana.

"Alikuwa anauliza muda wake," alisema. "Kila tukimwambia atulie, anauliza, nani kashika muda, nimewashinda?"

Hakuna aliyeshika muda. Simu waliitupa wakikukimbilia. Hamisi akakwambia umewashinda wote. Ukasema, "Nilijua." Basi. Hilo ndilo neno ulilotuachia. Hukumtaja mtu. Si mimi, si yeye aliyekuchemshia maji miaka yote hiyo.

Mama hakunisemesha siku nyingi. Alinipakulia chakula na kuninyima maneno. Juzi tunachambua mchele barazani, bila kuinua macho, akasema, "Ulicheka."

"Nilicheka, Mama."

"Kwa hiyo ni raha."

"Ni raha."

Akachambua tena. Kisha akauliza, "Siku ile niligeuka nyuma, nikamwona Hamisi analia. Hakufa palepale, sivyo?"

Sikuweza kumficha hilo. Nikaitikia kwa kichwa.

"Aliniita?"

Dani, mikono yake ilikuwa imesimama juu ya ungo. Nikasema ndiyo. Nikasema uliita, "Mama, Mama," mpaka mwisho. Alifunga macho, na uso wake ukalegea kama wa mtu aliyetuliwa mzigo. Jana nilimsikia akiimba jikoni, kwa sauti ndogo.

Nakuaga hapa, kaka yangu mwehu. Nimekusamehe nusu. Nakuahidi kila atakaponiuliza nitamjibu vilevile, mpaka siku ya kumzika. Ila atakapokuja huko, usimsubiri akuulize. Mkimbilie, umwite Mama kwa sauti, na umwambie ulimwita.

Usiniumbue.

Dada yako,
Eliza