Shotigani Imepona

Edmund, rafiki yako Sosthenes leo kaumbuka! Mchana kweupe!

Si unaijua shotigani yake ya kufukuzia ngedere, ile ambayo kila mwezi kishikio cha kukokia kinagoma? Fundi Asukile kapanda tena kutoka Uyole. Katoa risasi, kafungua mtutu, kapitisha kidole ndani. Kanusa. Halafu KALAMBA, Edmund!

"Mwalimu, haya ni mafuta ya alizeti. Yanaganda kama gundi."

Rafiki yako akasingizia panya.

"Panya gani anafungua chupa? Mwalimu, unaiharibu makusudi?"

Makusudi! Kamuuliza hivyohivyo, na ile hadithi ya nyati watatu kwa risasi moja, ambayo rafiki yako alikuwa anamsimulia, ilikuwa haijafika hata kwa nyati wa pili.

Tangu mlipomzika mkewe, nani mwingine anapanda huku?

Asukile kaisafisha yote kwa mafuta ya taa, katia grisi, kakoki mara kumi. Inateleza kama mpya.

"Sasa haitakusumbua miaka mitano, Mwalimu." Kanawa, kaondoka. Chai hakumaliza.

Miaka mitano, Edmund!

Huko kwako Tosamaganga hakuna kitu kibovu? Redio? Bawaba ya mlango? Mimi Sosthenes naweza kuja kesho.