Vifungo Ngazini

3 Juni

Kwako Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Ni matumaini yangu kwamba wewe na cherehani yako hamjambo. Yeye akikohoa mpe mafuta, wewe ukikohoa pumzika. Mimi mwili ni mzima, roho ndiyo mahututi.

Msimamizi wa tasnifu yangu, “Nafasi ya Msongo wa Mawazo na Kujithamini katika Utayari wa Kusaidia Wengine”, ameirudisha sura ya tatu ikiwa na alama moja nyekundu ya kuuliza, kubwa kama ndoana. Moja tu! Hata tusi hakuniona nalistahili. Mimi ninayewasimamisha kwa hotuba wanafunzi elfu moja uwanjani, nimenyamazishwa na ndoana.

Tena idara nzima imegeuka mtego. Wenzangu wanafanya majaribio: mmoja anajiangusha ngazini, mwingine kajificha nyuma ya nguzo na saa, akihesabu sekunde mpaka msamaria ajitokeze. Wiki iliyopita nimeinua majeruhi watano, wote wazima wa afya, na mmoja alinishukuru kwa fomu ya kujaza. Nimeapa: sidanganyiki tena.

Kuhusu ombi lako kwamba nije nikusaidie kushona vifungo vya sare za shule, nasema kwa uchungu: haiwezekani. Ninaandika juu ya kusaidia. Nikiacha kuandika ili nikasaidie, nani atauelimisha umma?

Mwanao,
Ngurumo

12 Juni

Mwanangu Ngurumo,

Marahaba, na pole ya roho. Cherehani haijambo, mwenyewe ndiye nimepatwa.

Jumanne nilikuja mjini kuchukua vifungo, nikasema nipitie chuoni nikuletee koti la kuvaa siku ya kutetea tasnifu. Kwenye ngazi za idara yenu kisigino kikanisaliti. Kopo likafunguka, vifungo mia tatu na sitini vikashuka ngazi mbele yangu kama watoto walioachiliwa kutoka darasani. Mkono wa kulia umeteguka. Nina sare sitini zisizo na kifungo hata kimoja, na shule inafunguliwa tarehe 30.

Lakini kilichoniuma si mkono. Kijana mmoja alinikuta nimepiga magoti, kichwa chini, naokota. Akaniruka. Mwanangu, aliniruka kama dimbwi! Aliyeniinua ni mfagizi.

Kwa hali ile sikubahatika kuzungumza nawe. Koti nimemwachia bawabu. Usije, najua umma unakungoja.

Shangazi yako

14 Juni

Kwako Shangazi uliyedhulumiwa,

Shikamoo, na pole, pole, pole! Mkono umelala vipi?

Ni nani huyu? Nauliza tena: ni nani huyu? Je, kuta hizi zilijengwa ili zitulelee vijana wa kuruka shangazi za watu? Namshuku mwanafunzi wa uhandisi, maana hao huheshimu tu kitu kinachozunguka. Jumatano ijayo nitaitisha mkutano uwanjani. Atasimama, ataungama, ataomba radhi kwa magoti mbele ya wanafunzi wote! Nipe sura yake, mavazi yake, maneno yake. Hata neno moja litatosha.

Koti limenikaa barabara.

Mwanao mwenye hasira,
Ngurumo

17 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mkono umevimba, mdomo mzima.

Sura sikuiona, alikuwa amekumbatia makaratasi hadi puani. Shati lilikuwa la buluu. Kola yake niliigeuza mimi mwenyewe mwaka jana ilipochakaa. Umesema neno moja litatosha, nami nakupa yote: “Sidanganyiki! Mwambie aliyekutuma azime saa yake!”

Sauti ile naijua tangu ilipokuwa inalilia maziwa.

Mkutano usiuahirishe. Watu hupenda kumwona mshtakiwa.

Shangazi yako

20 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Sithubutu kuuliza hali ya mkono.

Nimeandika barua nne za kujitetea. Ya nne ilikuwa na tanbihi. Zote nimezichana. Ukweli ni mfupi: siku ile nilikuwa natoka tena kwa msimamizi, na ndoana yake ni ileile. Nilijiona si kitu, na asiye kitu, nilidhani, hana cha kumpa mtu.

Nafika kesho kwa basi la asubuhi. Usiguse kifungo hata kimoja.

Mwanao

2 Julai

Mwanangu Ngurumo,

Nakujibu ile shikamoo ya stendi: marahaba. Mkono sasa unafumba na kufumbua. Umefika salama?

Sare zilikwenda shuleni kwa wakati. Mwalimu mkuu amerudisha mbili: sindano yako ilipita mbele ikatokea nyuma, ukayafunga mashati kama barua, mtoto hana pa kuingilia. Hamsini na nane hazina kasoro, na asemaye hivyo ni fundi wa miaka thelathini. Tena siku ile nilipokwambia uzi wako umekaza vizuri, ulitoka mbio kumpokea jirani ndoo ya maji kabla hajafungua kinywa. Msimamizi wako analijua hilo?

Uliniuliza, mguu mmoja ukiwa kwenye basi, kama habari yangu inafaa kuingia sura ya tatu. Iandike, jina langu usiliweke. Sema mwanamke mmoja alianguka ngazini, kijana akamruka. Ila saa usiizime hapo. Iache ihesabu. Siku ya kumi na moja kijana alibisha hodi, na sindano yake mwenyewe mkononi.

Shangazi yako