Hongera Zilizomfikia Ronny

Doha, 2 Novemba 2025

Mama yangu, shikamoo.

Mguu unaendeleaje? Mimi mzima, ila nimechoka na maji. Miezi minane sasa nakodolea macho bomba la kioo, naangalia maji yanavyojizungusha yakifika kwenye kona, maana hapo ndipo mabomba hulika. Pampu inaharibika, Profesa anayetusimamia anafoka, na wa kurudia kupima ni mimi. Lakini tarehe 11 kuna mkutano wa wanasayansi Lusail, kundi letu limepewa nafasi, na atakayesimama kueleza ni mimi. Utaonyeshwa mtandaoni moja kwa moja. Niombee dua.

Mwanao, Saida

Tanga, 11 Novemba 2025

Mwanangu Saida,

Marahaba. Mguu haujambo, moyo ndio hauko sawa. Nyumba ilijaa. Shangazi yako Tatu alileta mahamri, mdogo wako Salim akaunganisha simu kwenye televisheni. Akatokea kijana, anaongea. Tukasema huyu mshereheshaji, anakukaribisha, na washereheshaji tunawajua, hawana breki. Basi tukaanza kukupongeza pale pa kuandikia maoni, kila mtu na simu yake: Hongera Saida, Mungu akuzidishie, hongera mama aliyekuzaa. Kijana hamalizi. Mara makofi, na bando likaisha hapo hapo. Wageni wananiuliza, Saida yuko wapi? Niwajibu nini? Nina hasira na sijui nimkasirikie nani.

Mama yako

Doha, 14 Novemba 2025

Mama, shikamoo, na unisamehe kwa kimya. Ningekuandikia juzi ningeandika matusi.

Asubuhi ile, tumeshavaa vitambulisho, Profesa akasema wafadhili wamekuja, kwa hiyo aeleze Ronny, yeye ana sauti. Ronny ni Mkenya, kajiunga nasi mwezi wa tisa. Akaninong'oneza, "Saida, usijam, hata mimi nimeambiwa tu." Kwao kujam ni kukasirika. Nikakaa nyuma kabisa, nasikiliza sentensi zangu zikitoka mdomoni mwa mtu mwingine. Iliniuma sana.

Sasa hao wageni wako. Maoni yenu yalikuwa yanapita ukutani chini ya picha za majaribio yangu, ukumbi mzima unayaona. Nilitamani ardhi inimeze. Profesa aligeuka akanitolea jicho. Makofi yalipokwisha, mwenyekiti wa kikao, mama mmoja mgeni asiyetujua, akaona jina langu limejaa kwenye ule ukuta, akamwambia Ronny, "Asante sana, Saida. Naona una ndugu wengi wanaokupenda."

Ronny akageuka kuutazama ukuta. Nilijua atacheka, yapite. Akasema, "Mimi naitwa Ronny. Saida ni yule pale nyuma. Kazi ni yake, maswali muulizeni yeye." Akaweka kipaza sauti mezani, akashuka.

Mama, nilitembea mpaka mbele, nikakishika kile kipaza sauti. Nilijibu mpaka muda ukaisha. Profesa hajanisemesha tangu siku ile, na Jumapili hii, ambayo huku ni siku ya kazi, ameniita ofisini kwake. Sijui nitatoka huko nikiwa bado mwanakundi. Lakini waambie wageni wako kwamba nilisimama.

Mwanao, Saida