Mkono Ulioinuka Kanisani

Caruaru, 4 Aprili

Mama,

Naomba baraka yako. Hujambo wewe na mgongo wako? Mimi mzima, nang'aa. Kijitabu changu cha mashairi, *Beberu Aliyegombea Umeya*, kimetoka kwa mchapaji. Nimekining'iniza kambani kibandani kwetu sokoni, halafu nikajipiga video nikikighani chote mpaka mwisho, nikairusha mtandaoni. Mama! Watu elfu nne wananifuata! Shule niliikimbia, leo walimu wenyewe wananitumia mioyo myekundu. Ile cherehani uliyoniwekea huko Toritama, mwambie bosi aifunike. Jinzi atashona mwingine.

Mwanao maarufu,
Genivan

Toritama, 9 Aprili

Mwanangu,

Mungu akubariki. Mgongo unauma, roho haijambo. Tumekuona saa tisa, wakati wa kahawa, kwenye simu ya Creuza, mshonaji mwenzangu. Karakana nzima ilicheka. Nikauliza, "Nani anataka kijitabu?" Creuza akasema, "Cha nini, Ivonete? Si beberu tumeshajua yaliyompata?"

Umewapikia, umewalisha bure, sasa unawauzia sufuria. Marehemu baba yako, akighani sokoni, alikuwa akifika penye utamu anafunga kitabu, anakunywa maji. Watu walimtukana, kisha wakanunua.

Tulikubaliana: mashairi yasipokulisha kufikia sikukuu ya Mtakatifu Yohane mwezi Juni, unakuja kushona. Sijasahau.

Mama yako

Caruaru, 12 Aprili

Mama,

Baraka. Mgongo umepoa? Maji, mama? Hayo ni mambo ya enzi za punda! Mtandaoni ukimnyima mtu kitu, anahamia kwa mwingine. Niachie mimi fundi. Sasa ni elfu tisa. Vijitabu? Vipo, vimepumzika chini ya kitanda.

Mwanao, yuleyule maarufu

Toritama, 20 Mei

Genivan,

Mungu akubariki, kama bado upo. Mwezi mzima kimya. Naambiwa umeuza baiskeli. Cherehani nimeipangusa vumbi.

Mama yako

Caruaru, 2 Juni

Mama mpenzi,

Baraka, na usinichape. Baiskeli niliiuza nichapishe kijitabu cha pili, *Harusi ya Beberu*. Jumatatu nikawa naghani moja kwa moja mtandaoni, saa ileile yenu ya kahawa. Kijitabuni humo nimewatia watu wanaoniandikia kila siku, kwa majina yao. Hata Creuza yumo, kavaa kofia ya manyoya. Nikafika kwa padri anauliza nani ana pingamizi, mkono ukainuka nyuma ya kanisa… simu ikazima. Chaji kwisha!

Nilipoiwasha, loo! Mwizi! Mhuni! Mwana wa nani wewe! Sijawahi kutukanwa vizuri namna hiyo. Nikataka kumalizia, nikamkumbuka baba na maji yake. Nikaandika tu: "Mkono ni wa nani? Jumamosi, kibandani kwangu." Mama, walikuja mpaka watu wa Garanhuns, mbali kote kule! Vijitabu vya harusi vimekwisha, mchapaji anaongeza. Na aliyenunua harusi alitaka ajue pia umeya ulikuwaje. Chini ya kitanda sasa analala paka.

Nakiri baba alijua. Ila mwenye sura nzuri ni mimi.

Genivan

Toritama, 10 Juni

Genivan,

Mungu akubariki, hatujambo. Ule mkono ni wa nani? Creuza anaapa ni wake. Mke wa bosi anasema ni wa mke wa kwanza wa beberu. Wamenuniana, cherehani zimesimama. Niandikie upesi.

Mama yako mzazi, aliyekubeba miezi tisa

Caruaru, 11 Juni

Mama,

Baraka. Jumamosi, kibandani kwangu.

Genivan

Toritama, 13 Juni

Shetani mdogo,

Mungu akubariki hivyo hivyo. Tumekodi gari, tunakuja kumi na wawili, na Creuza kanunua kofia ya manyoya. Cherehani yako nimempa mpwa wake. Andaa kahawa. Na ukithubutu kufunga kitabu na kunywa maji mbele yangu, maji hayo nitakumwagia.

Mama yako, mteja