Migomba Uliyotuzuia Kukata

Kaka yangu Respicius,

Barua hii nimeianza mara mbili nikaichana, maana zote mbili zilijaa matusi na mama hakutulea hivyo. Hii ya tatu naituma kwako na naiacha wazi, aisome yeyote. Jambo lenyewe lilitokea mbele ya kitongoji kizima, na uongo uliolifunika ulisemwa mbele ya kitongoji kizima. Sioni kwa nini ukweli wake ubaki siri yangu na wewe.

Ninapokuwaza, anayenijia kwanza si huyo daktari wa vinasaba vya bakteria ambaye watu wa huko wanamwita kwa jina la ukoo. Ananijia kaka aliyekuwa akinitangulia kwenye njia ya shule, anasimama kila baada ya hatua chache kupasua buni mbichi aone ndani kuna nini. Mama alikuchapa kwa ajili ya buni hizo, kwa sababu baba alikuwa ameshafariki na kahawa ile ndiyo iliyokuwa ikitusomesha. Kesho yake ulipasua tena. Nilikusetiri. Nilimwambia mama ni ndege.

Siku ulipokwenda chuo kikuu tulikusindikiza wote wawili hadi stendi ya Omurushaka. Mama alikufungia ndizi za kuchoma kwenye jani, ukaona aibu kuzishika mbele ya abiria wenzako, ukazipokea hivyohivyo. Basi lilipoondoka alinigeukia akasema, "Huyu atarudi na dawa ya kitu." Hakujua ni kitu gani. Nami sikujua, lakini nilimwamini, na nilikuamini wewe.

Mnyauko wa migomba ulipoingia huku kwetu Nyaishozi ulikuwa ng'ambo unasomea shahada ya uzamivu, na bakteria uliokuwa ukiwasomea ni haohao waliokuwa wanatumalizia migomba. Unakumbuka tulivyokueleza kwa simu: majani yananyauka kama yamemwagiwa maji ya moto, ndizi zinaiva kabla ya wakati wake, ukizimenya ndani ni nyeusi, na shina likikatwa linatoa usaha wa njano. Afisa ugani alikuwa ameshapita nyumba kwa nyumba. Alisema mgomba ukionyesha dalili ukatwe siku hiyohiyo na kufukiwa, panga lipitishwe kwenye moto, na ua dume livunjwe kwa kijiti kabla nyuki hawajalifikia. Watu walikata. Mzee wa jirani alikata migomba aliyoachiwa na babu yake, akaingia ndani akafunga mlango, hakuonekana siku mbili.

Basi ukaja. Ulikuja na wenzako wawili na masanduku meupe yenye barafu, na watu wakakukatalia. Walisema wenye masanduku ndio wanaoleta ugonjwa. Mama alivaa kitenge chake cha kanisani akakutangulia kibanja kwa kibanja, kwenye migomba ya kila nyumba, anawaambia huyu ni mwanangu, mmemwona anabatizwa. Walikufungulia kwa ajili yake. Hilo sijui kama uliliandika popote.

Jioni ile ulikata kipande cha shina gonjwa, ukakining'iniza kwenye glasi ya maji safi, ukamwita mama aangalie. Zikaanza kushuka nyuzi nyeupe, laini kama moshi, kutoka kwenye kipande hadi chini ya glasi. Ulimwambia kila uzi ni bakteria wengi kuliko watu wote duniani, na kila mmoja ana maandishi ndani yake yanayomwelekeza namna ya kuua mgomba. Wewe ulitaka kuyasoma maandishi hayo uone yanabadilika vipi ugonjwa unapohama kutoka shina moja kwenda jingine. Mama aliinama akakodoa macho muda mrefu. Aliuliza, "Kwa hiyo ndio wenyewe hawa?" Sikuwahi kumwona anakutazama kwa fahari kama siku ile.

Kesho yake ulifunga utepe mwekundu kwenye mashina kumi na mawili ya kibanja chetu, yote magonjwa, ukasema hayo yasikatwe. Mama alikukumbusha maneno ya afisa ugani.

"Afisa ugani anazungumzia mashamba yote," ulimjibu. "Mimi nazungumzia haya kumi na mawili tu. Nivumilie hadi mvua za vuli ziishe, mama. Nitarudi kuchukua sampuli za pili palepale, kisha mtakata."

Hukusema huenda. Ulisema nitarudi.

Tuliyatunza, kaka. Ninaandika neno hilo najua lilivyo baya. Tulitunza ugonjwa kama watu wanavyotunza ng'ombe wa maziwa. Mama alikuwa na panga lake la upande ule ambalo halikugusa kitu kingine, na kila asubuhi alizunguka kuangalia tepe zako kama zipo. Mvua zikaisha. Nilikupigia, ukaniambia nikupe wiki mbili, kwamba ukiyapoteza mashina hayo umepoteza kazi ya mwaka. Wiki mbili zikapita, na mwezi. Halafu simu yako ikawa inaita bila kupokelewa. Majani ya mashina mengine, yasiyo na utepe, yakaanza kuning'inia. Kisha ya Mama Winifrida, ambaye kibanja chake kinapakana na chetu kwa chini, na ambaye alikuwa amekata ya kwake yaliyougua siku ya kwanza kabisa bila kubishana na mtu. Kisha ugonjwa ukaenea mteremko mzima.

Nilikupata tena baada ya kuona picha yako kwenye simu ya mwalimu mwenzangu, umevaa joho. Nilikupongeza kwanza. Halafu nikakuuliza utakuja lini kuchukua sampuli.

"Kumbe bado mmeyaacha?" uliniambia. "Zile za kwanza zilitosha, Adventina. Msimamizi wangu alibadilisha mpango tangu zamani."

Nimeyarudia maneno hayo darasani, shambani, kanisani. Zile za kwanza zilitosha. Kaka, sikukasirika kwa sababu hukurudi. Kazi zinabadilika, na mimi pia nimeajiriwa. Kilichonichoma ni kwamba siku mpango ulipobadilika hukukumbuka kutuambia tukate. Ujumbe wa maneno mawili. Ungemwokolea Mama Winifrida chakula cha wanawe.

Nilikata mimi, siku hiyohiyo. Mama alikaa kizingitini. Sikukata kumi na mawili tu, nilikata kibanja chote, kwa sababu hakukuwa tena na mgomba wa kuacha.

Hukuwepo kwenye kikao cha kitongoji, na mama alinikataza nisikusimulie. Sasa nakusimulia. Mwenyekiti alimwita asimame aeleze kwa nini aliacha migomba yenye ugonjwa wakati kila mtu ameambiwa akate. Mama Winifrida alikuwa amekaa mbele, na wote waliokuwa wameona tepe nyekundu walikuwa wanangoja atamke jina lako. Mama alisema, "Mwanangu hahusiki. Tepe zile aliziweka ili nijue ya kukata. Ni mimi niliyeona uchungu nikayaacha."

Nilianza kuinuka. Alinivuta kitenge nikakaa.

Njiani nilimuuliza kwa nini amejibebesha kosa lako. "Akirudi atapita wapi," alisema, "kama watu wanajua?"

Hivyo ndivyo alivyoishi miaka miwili ya mwisho. Hawakumpiga wala kumtukana, watu wetu hawako hivyo. Walimwacha tu. Jumuiya iliyokuwa ikisali kwetu kila zamu ikaanza kuruka nyumba yetu. Akipita na jembe walimwomba azunguke njia ya nje, asikanyage vibanja vyao. Mama na Mama Winifrida waliomba pamoja, walizaa wakati mmoja, walipeana moto wa jikoni; sasa Mama Winifrida akimwona anakuja anaingia ndani. Mama hakulalamika. Alipanda mahindi na maharage pale migomba ilipokuwa, na wewe ukipiga simu siku za sikukuu alikuambia hawajambo wote, wanakusalimu sana.

Shinikizo la damu lilimchukua wakati wa kuvuna maharage. Ulinipigia ukanieleza kwamba visa yako haikuruhusu kutoka, ukaniomba niwashe picha uone kaburi. Niliwasha. Uliona kaburi, uliona padri, uliona watu wengi, ukaniambia umefarijika kuona watu wengi. Ni kweli walikuja, msiba hakuna anayeususa. Lakini hukuona kilichokuwa vyunguni. Katika msiba wa kwetu kila nyumba huja na mkungu wake, na mama alibeba mikungu katika kila msiba tangu alipoolewa hapa. Kwake haikuja, kwa sababu hawakuwa nayo. Mbegu zilikuwa zimekwisha upande wote ule, na kila aliyeketi pale alijua zimekwisha kwa ajili ya nani, au alidhani anajua. Ndugu zetu kutoka Kiruruma walileta waliyoweza. Waliobaki niliwapikia ugali. Wewe ni mtu wa hapa, unajua: mtu wetu akila ugali msibani akarudi nyumbani, atasema hajala. Nilisimama na mwiko nikisikia aibu iliyokuwa yako.

Mwezi uliofuata ulinitumia tasnifu yako, na ujumbe kwamba mama angefurahi. Mimi ni mwalimu wa msingi, Kiingereza chako ni kigumu, lakini nilikaa na kamusi likizo nzima. Nilikuta kibanja chetu kinaitwa Eneo la Saba. Nilikuta ukurasa wa shukrani: msimamizi wako, maabara, mkeo, na wakulima wa Karagwe kwa ushirikiano wao. Nilitafuta jina la mama hadi ukurasa wa mwisho wa orodha ya vitabu. Na nikakuta sentensi moja, nimeipigia mstari, kwamba uchukuaji wa sampuli za awamu ya pili haukufanyika. Basi. Haukufanyika, kana kwamba ni mvua haikunyesha.

Sisemi utafiti wako ni bure. Nimeusoma, na palipoelezwa jinsi bakteria wale wanavyotoka kwenye shina gonjwa na kujificha ndani ya shina la jirani kabla ya dalili kuonekana, nilielewa kwa mara ya kwanza kwa nini Mama Winifrida alipoteza vyote ingawa alikata mapema. Ni kazi ya akili kubwa. Nimewafundisha hata watoto wa darasa la saba. Ndiyo maana nina uchungu zaidi. Mjinga ningemsamehe haraka.

Na sasa mwezi uliopita umeniandikia tena. Mna mradi mpya, mnataka kuchunguza mashina yaliyopona Karagwe na Kyerwa, na unaomba niongee na majirani wawafungulie vijana wako. Umeandika, "Wewe wanakuamini." Nililisoma hilo nikiwa nimesimama, nikakaa.

Nilikwenda kwenye jumuiya Jumamosi, kwa Mama Winifrida, maana zamu ilikuwa kwake. Baada ya sala niliomba nafasi. Wengi walidhani nitatangaza misa ya kumbukumbu. Niliwaeleza barua yako na mradi wako, halafu nikawaambia kwamba kabla hawajajibu kuna jambo wanapaswa kulijua. Nikawaeleza tepe zilimaanisha nini. Nikawaeleza simu nilizopiga, na ulichonijibu. Nikawaeleza mama alisema nini kikaoni, na kwamba mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake, najua, nikanyamaza. Hilo ni langu, kaka, silitupi kwako. Nilinyamaza siku ile na nikanyamaza miaka miwili anazungushwa njia ya nje.

Mzee mmoja alivua kofia akaishika mapajani. Mama Winifrida aliniuliza kitu kimoja tu.

"Alijua kwamba mimi nimeacha kumsalimia kwa sababu hiyo?"

Nikamwambia alijua.

Aliinuka akaingia ndani. Tulimsikia analia, wanawake wakamfuata. Waliporudi hakuna aliyerudia habari za mradi. Kesho yake baada ya misa walikuja nyumbani, zaidi ya ishirini, na majembe. Walipalilia kaburi, wakaweka mawe pembeni udongo usibebwe na mvua. Mama Winifrida alipiga magoti akasema na mama kwa Kinyambo, kwa sauti ya chini, maneno ambayo hayanihusu mimi wala wewe. Shangazi yake wa Kyerwa alikuwa amemletea machipukizi safi ya migomba yaliyopimwa, naye akatoa matatu tukayapanda kwenye kibanja chetu. Nilipomwambia sistahili, alisema hanipi mimi.

Kuhusu ombi lako, jibu walilokubaliana baadaye ni hili, na mwenyekiti ameniomba niliandike kama walivyolisema. Vijana wako wataruhusiwa, kwa sababu ugonjwa ungalipo na anayejua kusoma maandishi ya bakteria anahitajika. Lakini hawataingia kibanja hata kimoja kabla wewe hujaja mwenyewe ukasimama kwenye kikao, pale aliposimama mama, ukasema ulichofanya. Hawataki kuambiwa kwa simu. Hawataki uandike. Mimi sikuwaongezea neno wala kuwapunguzia.

Uliza ruhusa huko kazini, au usiulize. Ukija nitakupokea Omurushaka, nitakupikia, chumba chako kipo. Usipokuja, usinitumie tena salamu za kuwapelekea watu wa hapa, sitazifikisha.

Sisi huku tumekwisha kumwomba mama msamaha, mimi na majirani zake wote. Umebaki wewe.

Ni mimi dada yako, niliyekuwa nikisema ni ndege,
Adventina
Nyaishozi